Baruti Haina Sauti Mbili

(Mhadhara uliotolewa mbele ya viongozi, wazee na wananchi wa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi)



Shukrani zangu za kwanza ni kwa waliofikiri kwamba mtu aliyestaafu kazi ya mifugo, ambaye sehemu kubwa ya umri wake imepita mazizini akipima homa za ng'ombe na kuchanja mbwa, anaweza kuwa na neno la kusema mbele ya hadhara kama hii. Neno ninalo, na nimekaa nalo muda mrefu. Ni juu ya fataki, zile ambazo ndugu zetu wa pwani huziita fashifashi, na juu ya yale zinayowatenda wanyama, wa nyumbani na wa porini. Na kusudi langu ni kuomba zitiwe chini ya kanuni. Sikuja kuomba zifutwe duniani. Furaha ni haki ya mwanadamu, na usiku wa kuukaribisha mwaka mpya, au wa Idi, au wa arusi ya binti yako wa kwanza, ni usiku ambao hata asiye na kitu hutamani uwe na nuru na kishindo cha kuutofautisha na siku nyingine. Hoja zangu ni nne, na ya pili ndiyo iliyonitoa nyumbani, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa nayo kuliko zote.

Hoja ya kwanza: sikio la mnyama si sikio letu.

Mwanadamu mwenye masikio mazima husikia sauti ambayo mitikiso yake hufika takriban 20,000 kwa nukta moja, na zaidi ya hapo kwake ni kimya. Mbwa husikia hadi kiasi cha 45,000. Kelele huanza kutuumiza masikio inapokaribia desibeli 120, na fataki kubwa ikilipuka karibu hupita kipimo hicho. Sasa chukueni kishindo ambacho sisi wenyewe tunakizibia masikio kwa vidole, mkipeleke kwa kiumbe ambaye usiku wa kawaida huitambua hatua ya bwana wake kabla hajafika kichochoroni, na ambaye hana vidole vya kuzibia.

Usiku wa kuamkia Januari mosi nilikuwa kwa jirani yangu, na fataki zilikuwa zikirushwa hatua chache kutoka uani. Mbwa wake, jike la rangi ya majivu lililozoea kulala mlangoni, liliposikia mlipuko wa kwanza lilisimama na kulaza masikio. Kwa wa pili lilijikojolea pale pale. Kwa wa tatu lilikata kamba, likapenya chini ya kihenge cha mahindi, mahali ambapo mkono wangu haukuweza kufika. Tulilisikia likikwangua udongo hadi usiku wa manane. Asubuhi tulipolitoa, kucha mbili za mguu wa mbele zilikuwa zimeng'oka, na macho yake yalikuwa yanatutazama sisi, watu wake, kama yanavyomtazama mgeni. Nimewachanja mbwa wengi wilayani humu dhidi ya kichaa, nami nawaambia kwamba huyu aliyejificha chini ya kihenge alikuwa na bahati, kwa sababu wenziwe wanaokimbilia porini usiku ule hukutana huko na fisi na mbweha, na anayerudi baada ya siku tatu na jeraha la meno hurudi na hatari ambayo nyumba nzima italala nayo.

Ng'ombe wa jirani huyo naye asubuhi hakushusha maziwa. Kiwele kilikuwa kimejaa, ndama alinyonya na kugonga kwa kichwa, mama mwenye nyumba alikanda kwa maji ya vuguvugu, lakini kibuyu kilipata kiasi cha kikombe kimoja. Hili si uchawi wala si jicho la mtu. Mnyama akishtuka, mwili wake humwaga ndani ya damu kichocheo kiitwacho adrenalini, ambacho kazi yake ni kumtayarisha kukimbia au kupigana, na kichocheo hicho huzuia kile kingine kinachoifungua mifereji ya kiwele. Maziwa yapo, ila mlango umefungwa. Wafugaji mliomo humu mnalijua jambo hili hata kabla sayansi haijalipa jina, ndiyo maana hamruhusu mtoto kupiga kelele zizini wakati wa kukama. Na kuku aliyekuwa akiatamia aliliacha tundu hadi mayai yakapoa.

Mtu ataniuliza: je, mtoto mchanga naye hashtuki? Hushtuka, lakini yupo mama wa kumbeba na kumwambia, na kesho yake atakua ajue kwamba ile ilikuwa sherehe. Mnyama hana kalenda, wala hakuna anayeweza kumweleza kwamba kesho ni sikukuu. Wako humu ndugu ambao walikuwa Dar es Salaam tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala, au usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yalipolipuka yale ya Gongo la Mboto. Waliokuwako hunisimulia jinsi walivyokimbia pasipo kujua wanakimbilia wapi, mama akamwacha mtoto, mtoto akafuata watu asiowajua, kwa kuwa kilichowatisha hakikuwa na sura wala sababu iliyofika akilini mwao wakati ule. Sisemi kwamba fataki ni sawa na msiba ule, hasha, kwani waliopoteza roho wanastahili heshima yao; nasema kwamba yule ambaye amepata kusikia mlipuko asioujua chanzo chake anayo tayari elimu yote anayoihitaji ili amhurumie mbwa.

Hoja ya pili: kwa tembo, fataki ni bunduki.

Naomba tuanze na lugha yetu wenyewe. Neno fataki, kabla halijawa jina la mchezo wa sikukuu, na hata leo kwa wazee wenye magobore, ni jina la kile kidude kidogo kinachovikwa penye tundu la gobore ili nyundo ikikipiga kiwashe baruti. Waliotutangulia waliona mwako ule na mlio ule, wakaona hapana haja ya maneno mawili. Nchi hii ya magharibi imeijua baruti tangu misafara ya karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikipanda kutoka pwani na nguo na shanga na magobore, ikishuka na pembe. Na aliyelipa gharama ya biashara ile alikuwa mtu aliyebeba, na tembo aliyebebwa vipande vipande. Kama sisi wenye akili za kutunga kamusi tumekiita cha kuulia na cha kuchezea kwa jina moja, tutamlaumuje tembo kwa kutovitofautisha?

Nami sizungumzi juu ya mambo ya kale tu. Hesabu ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Ile ya mwaka 2014 ikawakuta wapatao 43,000. Katika miaka mitano, zaidi ya nusu waliondoka, na walio wengi waliondoka kwa risasi. Tembo huishi miaka sitini na zaidi, na kundi lake huongozwa na jike mkongwe ambaye kumbukumbu yake ndiyo ramani ya wote: wapi pana maji Mto Katuma ukikauka, mti gani umezaa, njia ipi ina watu. Jike aliyekuwa na miaka ishirini bunduki zilipokuwa zikilia yu hai hadi leo, na huenda ndiye anayeongoza watoto na wajukuu wake kupita katika ushoroba wa kati ya Hifadhi ya Katavi na Milima ya Mahale, ambao hupita katika wilaya hii yetu. Anaposikia mlipuko usiku, haoni rangi nyekundu na kijani juu ya kijiji. Anamwona mama yake ameanguka.

Tena tembo husikia kwa namna ambayo sisi hatukujaliwa. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Katy Payne, akiwa amesimama karibu na tembo wa bustani ya wanyama, alihisi hewa ikitetemeka kifuani mwake bila kusikia kitu, na kutokana na mtetemeko ule ikaja kujulikana kwamba tembo husemezana kwa sauti nzito iliyo chini ya kiwango cha sikio la mwanadamu, sauti inayoweza kusafiri kilomita kadhaa. Na watafiti waliofuata wakaonyesha kwamba huipokea mitetemeko ya ardhi hata kwa nyayo. Mlipuko wa baruti una sehemu nzito kama hiyo ndani yake. Kwa hiyo fataki inayorushwa penye arusi hapa Kasekese haiishii ukingoni mwa mashamba yetu kama tunavyodhani sisi tunaorudi kulala. Huenda mbali ya pale tunapoisikia.

Namwona mzee mmoja pale mbele anatikisa kichwa, na najua anataka kusema nini, kwa sababu amelala shambani misimu mingi kuliko mimi. Anataka kusema: "Bwana mifugo, tembo akiingia katika mahindi yangu usiku, nimpigie nini, filimbi?" Mzee wangu, swali lako ndilo moyo wa mhadhara huu, nami sitalikwepa. Njaa ya nyumba yako ina haki, na sheria yoyote itakayomlinda tembo ikakuacha wewe na watoto wako bila chakula haitadumu hata msimu mmoja, wala haistahili kudumu.

Lakini sikiliza jinsi wenzetu wa kaskazini mwa nchi hii walivyofanya, katika vijiji ambako asasi ya Honeyguide imewafundisha wanakijiji kulinda mashamba. Hawaanzi kwa baruti. Huanza kwa kurunzi yenye mwanga mkali wa kumeta. Tembo asipoondoka, hupigiwa honi. Akikaidi, hurushiwa pilipili iliyosagwa ikachanganywa na mchanga, na fataki ndogo huipasua ikawa wingu linalowasha pua. Na mwisho kabisa, pale ambapo vyote vimeshindwa, ndipo hutumika fataki kubwa inayoruka kwa moto na mshindo. Kila chombo kina zamu yake, na kikubwa huhifadhiwa nyuma. Sababu ni kwamba tembo ana akili ya kupima: sauti isiyofuatwa na kitu, akiisikia mara nyingi, huizoea, na siku atakapoizoea mkulima atakuwa amebaki mikono mitupu, amesimama gizani mbele ya mnyama wa tani kadhaa asiyemwogopa tena.

Hapa ndipo shabaha yangu ilipo. Fataki inayorushwa ovyo, leo kwa arusi, kesho kwa mpira, keshokutwa kwa mtoto aliyeinunua dukani kwa chenji ya chumvi, hufanya moja ya mambo mawili. Tembo mwenye kumbukumbu ya risasi humtia wazimu wa hofu, akakimbia upande wowote, na upande huo waweza kuwa ndio wenye nyumba na watu. Tembo mwingine, kijana, anayekaa karibu na mashamba akaisikia kila juma bila madhara, humfundisha dharau. Manufaa ya baruti kwa mkulima yako katikati ya hofu na dharau, katika uchache wake, na uchache huo haupatikani bila mpango. Kwa hiyo mwenye kuomba kanuni ya fataki si adui wa mkulima. Anamtunzia silaha yake ya mwisho isichakae.

Nisipite bila kutaja ubaya ulio mbaya kuliko wote, ingawa moyo hautaki. Mwezi wa Mei 2020, katika jimbo la Kerala nchini India, tembo jike mwenye mimba alikula tunda lililotiwa fataki ndani yake, kama mitego ambayo baadhi ya wakulima wa huko huwawekea nguruwe mwitu, likampasukia kinywani. Hakuweza kula tena. Alienda akasimama ndani ya mto, kinywa chake kikiwa majini, na humo humo akafa. Sijasikia mtu wa kwetu akifanya hivyo, na ninaomba nisisikie. Lakini kitu kinachouzwa bila kuulizwa kinakwenda wapi kinaweza kwenda popote.

Hoja ya tatu: ndege, na moto, na nyuki.

Usiku wa kuamkia mwaka 2011, katika mji mdogo wa Beebe, jimbo la Arkansas, Marekani, maelfu ya ndege weusi walianguka wakafa juu ya mapaa na barabara. Walikuwa wamelala mitini kwa makundi; milipuko ikawaamsha; wakaruka gizani wasikoona, wakajigonga kwenye nyumba na nguzo. Huko Uholanzi wataalamu waliitumia rada, chombo kile kinachotazamia mvua, wakaona kwamba dakika chache baada ya saa sita ya usiku wa mwaka mpya maelfu ya ndege wa majini huinuka kwa pamoja, hata kutoka katika mabwawa yaliyohifadhiwa, wakapanda hadi mita mia tano na kuzunguka huko kwa muda wa robo tatu ya saa. Nayasema haya kwa sababu usiku ule ule, huku kwetu, makorongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya huwa wako Afrika ya Mashariki, nao ni wageni wa nyanda za maji kama zile za Katavi na Chada. Mgeni aliyevuka jangwa hapigiwi baruti akiwa amelala.

Kuhusu moto nitasema machache, maana hakuna mtu wa Katavi asiyejua miombo ilivyo mwezi wa Agosti na Septemba, majani yakiwa makavu kama karatasi. Cheche moja ya fataki yatosha. Na katika miombo hiyo imening'inizwa mali ya wazee wetu, mizinga ya magome, inayotoa asali ambayo jina la Mpanda linajulikana kwayo. Kiswahili kimeviita mzinga vitu viwili, kile kinachotema moto na kile kinachotunza asali, na moto ukitoka katika cha kwanza, cha pili hakisalimiki.

Hoja ya nne: sheria ipo, ila haijafika mlangoni.

Taifa halikukaa kimya. Ipo Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, inayotaka vitu vya kulipuka viwe na kibali. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Na kila mwezi wa Desemba Jeshi la Polisi katika mikoa mingi huwakumbusha wananchi kwamba kupiga fataki bila ruhusa ni kosa. Lakini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nzima haiwezi kujua kwamba mtaa fulani wa Kasekese umekaa penye mapito ya wanyama. Hilo tunalijua sisi. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imetupa kalamu, kwa kuwa Halmashauri ya Kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, Mkutano Mkuu ukaijadili, na Halmashauri ya Wilaya ikaithibitisha.

Kama mngeniuliza niandike nini, ningeandika hivi. Duka lisiuze fataki kwa mtoto, wala kwa mtu asiye na kibali cha sherehe. Kibali kitolewe na ofisi ya kata, siku saba kabla, na majirani wenye mifugo wapewe habari ili mbwa afungwe ndani, ng'ombe waingizwe zizi la mbali, na kuku wafunikwe. Sherehe iwe na dakika zake zinazojulikana, zisizozidi kumi na tano, mahali palipo wazi katikati ya makazi, si ukingoni mwa msitu. Tangu Juni hadi mvua za kwanza isirushwe hata moja. Fataki za kufukuzia tembo ziwe mikononi mwa askari wanyamapori wa kijiji waliofunzwa, zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi, na mkulima mwenye shida awaite hao, tena wafike upesi. Maana wasipofika upesi atanunua zake kwa magendo, na kwa kweli sitamlaumu.

Msidhani ni jambo geni. Visiwa vya Galápagos, nchini Ekwado, mwaka 2018 vilipiga marufuku fataki zenye mshindo kwa ajili ya wanyama wake, na watu wa huko hawakuacha kuoana wala kuukaribisha mwaka. Mwanga usio na kishindo kikubwa unapatikana. Sisi tunazo ngoma pia, na mbwa wa Kasekese amezaliwa akizisikia.

Rasimu ya sheria ndogo, kurasa tatu kwa mwandiko wa mkono, nimeikabidhi kwa Mtendaji wa Kata kabla sijapanda hapa. Ina makosa, na ninyi wafugaji, warina asali na walinzi wa mashamba ndio mtakaoyaona kabla yangu, kwa hiyo naomba isomwe kwa sauti katika Mkutano Mkuu ujao wa kila kijiji, kifungu kwa kifungu, na mzee wangu aliyetikisa kichwa apewe nafasi ya kwanza kusema. Mvua zikianza, mahindi yatapandwa, na yakifika kifuani tembo watakuja kuyaangalia kama kila mwaka. Kabla ya hapo kuna Desemba moja. Nimemwahidi jirani yangu kwamba usiku wa mwisho wa mwezi huo nitakwenda kukaa naye tena uani, na yule mbwa wa rangi ya majivu, ambaye kucha zake zimeota lakini bado hulala chini ya kihenge badala ya mlangoni, tutakuwa naye.